Usiku Usiohesabiwa

Ratiba ya zamu ilikuwa karatasi moja ya A4, imebandikwa kwa plasta ya kufungia vidonda kwenye mlango wa chumba cha madaktari. Kushoto majina yetu, juu tarehe, katikati alama za X. Ukiwa na X unakesha. Hakuna palipoandikwa unaanza saa ngapi wala unaondoka saa ngapi, na mwaka mzima wa intanishipu, ule wa mafunzo kazini baada ya chuo, sikumsikia mtu akiuliza. Siku yenye X ilianza kama siku nyingine yoyote, saa 1:30 asubuhi kwenye ripoti, na iliisha ilipoisha.

Mwezi wa kwanza tu karatasi ile ilituchezea. Mwenzetu mmoja, mtoto wa Tanga, alikuwa hajaiona. Aliambiwa kwa mdomo kwamba zamu yake ni "usiku wa Ijumaa". Kwa hesabu aliyolelewa nayo siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Akaja Alhamisi jioni na begi lake, mswaki na kikoi cha kulalia, akanikuta mimi ndiye mwenye zamu. Tukagawana wagonjwa, tukasaidiana mpaka alfajiri, tukaagana. Ijumaa usiku wodini hapakuwa na daktari. Saa 4 usiku simu ikapigwa kwangu kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa nakaa karibu kuliko wengine. Nikarudi.

Tulicheka sana kwa kisa hicho, na hata leo tukikutana tunakicheka. Lakini ndicho kilichonifanya nianze kuuliza usiku wa daktari unahesabiwaje, na nani anayeuhesabu.

Wiki moja niliamua kuhesabu mwenyewe, nyuma ya daftari la maabara. Jumatatu, saa 1:30 asubuhi mpaka 11 jioni: saa tisa na nusu. Jumanne nikaingia saa 1:30 asubuhi, nikakesha, nikatoka Jumatano saa 10 jioni: saa 32 na nusu. Alhamisi tisa na nusu tena. Ijumaa asubuhi nikaingia, nikakesha, nikatoka Jumamosi saa 6 mchana: 28 na nusu. Jumapili raundi ya saa tatu. Jumla 83. Kwenye karatasi ya mlangoni wiki hiyohiyo ilionekana kama X mbili.

Sitaki kujifanya shujaa kwa hesabu hiyo. Kuna wenzangu leba waliopita hapo, na kuna wauguzi wa zahanati za vijijini wanaofanya kazi peke yao, ambao ukiwauliza wanatoka saa ngapi watakushangaa. Ninachosema ni kwamba nilipoijua ile 83 ndipo nilipoelewa kilichonipata Jumatano ya wiki hiyo.

Ilikuwa kama saa 4 asubuhi, saa ya 27 tangu nilipoingia. Usiku nilikuwa nimelala dakika arobaini hivi, kwenye kiti, koti limenifunika uso. Kitanda namba 4 palikuwa na kijana aliyeharisha siku nyingi, na majibu ya maabara yalionyesha potasiamu yake, moja ya madini ya damuni, imeshuka. Tiba yake haina maajabu: potasiamu kwenye dripu, taratibu, kwa saa kadhaa. Nikachukua faili, nikaandika, nikasaini, nikaliweka kwenye kaunta ya manesi, nikageukia mgonjwa mwingine.

Faili lilikuwa la kitanda namba 14. Pale alilala mzee ambaye figo zake zilikuwa zimegoma, akisubiri rufaa ya kwenda kusafishwa damu. Figo zikigoma, potasiamu haipati pa kutokea. Inajaa kwenye damu, na ikizidi, moyo unasimama. Nilikuwa nimemwandikia sumu kwa hati safi kabisa, na sahihi yangu chini.

Sista aliyekuwa kaunta alikuwa mtu mzima, amebakiza miaka michache kustaafu. Hakuniambia kuwa nimekosea. Aliniita pembeni, faili mkononi.

"Dokta mwanangu, huyu wa 14 si ndiye yule mzee wa figo?"

"Ndiye, Sista."

"Haya. Hebu isome tena dawa uliyomwandikia."

Nikaisoma. Na hapa ndipo panaponitia hofu mpaka leo: sikuona kosa. Niliyasoma maandishi yangu mwenyewe, nikayaona sawa, nikamtazama kama anayenichelewesha. Akanyoosha kidole kwenye jina la mgonjwa, akakiacha pale. Mara ya pili ndipo nilipoliona. Akapiga mstari juu ya maandishi, akanipa kalamu nisaini ubavuni, akaenda kunitengenezea chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki, yenye sukari nyingi mno. Hakulisema tena jambo lile, si kwangu wala kwa matroni.

Mchana ndugu wa yule mzee walikuja na uji kwenye chupa ya chai. Watu wa umri wa kunizaa, wakasimama waliponiona: "Shikamoo, Dokta." Nikaitikia marahaba huku nikitazama sakafu.

Kwa muda mrefu nilikieleza kisa hiki kama sifa za Sista, na anastahili. Ila siku hizi nakumbuka kitu kidogo ambacho wakati ule sikukizingatia: Sista alikuwa ameingia kazini saa 1:30 ya asubuhi ileile. Manesi wodini kwetu walikuwa na zamu tatu kwa siku, na usiku wote mimi nikikimbia huku na huku yeye alikuwa kwake, amelala. Aliyeninasa alikuwa na uzoefu, kweli. Alikuwa pia amepata usingizi.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwakesheza watu na kuwapima umakini wa mkono na jicho, wakawapima pia watu walewale wakiwa wamekunywa pombe, wakalinganisha. Saa 17 bila usingizi zilimshusha mtu hadi pale anapofikishwa na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ikifika saa 24 ni asilimia 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kushika usukani. Daktari aliyekesha lakini anaruhusiwa kushika kisu. Miaka saba baadaye, katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali moja ya Boston, madaktari wa intanishipu waliofanya zamu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya walipofanya zamu fupi. Ni madaktari walewale, wodi zilezile. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba daktari wa intanishipu anayeendesha gari kurudi nyumbani baada ya zamu ndefu uwezekano wake wa kupata ajali unapanda zaidi ya mara mbili.

Mimi sikuwa na gari, nikashukuru. Jumatano ile nilipanda daladala ya Mbagala, kituo changu Mtoni Mtongani, nikaamshwa Rangi Tatu.

"Braza, mwisho wa gari hapa." Konda alinitazama, akacheka. "Umelewa mchana wote huu?"

"Sijalewa. Natoka kazini."

"Kazi gani hiyo?"

Nilimwambia mlinzi. Sijui kwa nini. Nadhani niliona mlinzi ataeleweka upesi zaidi. Na basi la mkoani, ambalo konda yule huenda alilitamani, safari ikiwa ndefu linatakiwa kuwa na dereva wa pili, kwa sababu kila Mtanzania amekwisha kuona usingizi unavyolilaza basi kwenye mtaro.

Desturi hii ya kukesha sisi tuliirithi. Mafunzo ya udaktari ya namna hii, ya kijana kuishi hospitalini chini ya bingwa, yalipangwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889, na mmoja wa walioyapanga ni daktari wa upasuaji William Halsted. Vijana wake, "residents" kwa Kiingereza, walikuwa wakazi wa hospitali kwa maana halisi ya neno. Halsted alikuwa bingwa wa kweli. Pia alijijaribia kokeini alipokuwa akiichunguza kama dawa ya ganzi, ikamnasa, akatibiwa kwa mofini, nayo ikamnasa kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Simsimangi marehemu. Ila kila ninapoambiwa kwamba kutolala ndiko kunakomkomaza daktari, namkumbuka.

Huko Marekani hesabu ilianza kuulizwa baada ya kifo. Libby Zion, binti wa miaka 18, alilazwa katika hospitali moja ya New York usiku wa tarehe 4 Machi 1984, asubuhi akawa amefariki. Alikuwa akitumia dawa ya msongo wa mawazo, na usiku ule akapewa pethidini, ambayo ni dawa kali ya maumivu; hizo ni dawa mbili ambazo hazitakiwi kukutana. Waliomhudumia walikuwa madaktari vijana wenye wagonjwa wengi na zamu ndefu. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwanasheria na mwandishi wa habari, kwa hiyo alijua pa kupiga kelele na jinsi ya kuzipiga. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka ukomo wa saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni. Mwaka 2003 ukomo huo ukaenea nchi nzima. Huwa nafikiria mabinti wangapi wa umri wake wamekufa alfajiri katika wodi zetu, na baba zao ni wavuvi au mama lishe, wakaambiwa ni mapenzi ya Mungu, wakatia saini kuchukua mwili.

Hukumu ninayoipenda zaidi ilitoka Luxembourg. Daktari wa Kijerumani aitwaye Norbert Jaeger, wa hospitali ya Kiel, alikuwa na zamu za usiku ambazo alipewa chumba chenye kitanda. Akiitwa anaamka, asipoitwa analala. Mwajiri alisema saa za kulala si saa za kazi. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyo huko Luxembourg, ikasema ni za kazi, zote, hata zile alizokoroma, kwa kuwa yuko pale anapotakiwa na mwajiri na hawezi kwenda kwake. Ulaya ukomo ni saa 48 kwa wiki kwa wastani, kwa hiyo hukumu ile ilivuruga ratiba za hospitali kote barani. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilikumbuka kiti changu na lile koti usoni.

Hapa kwetu sheria ipo na imeandikwa vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni 57 na nusu kwa wiki, ukikamuliwa mpaka tone la mwisho. Siku moja isizidi saa 12. Lakini sheria hiyohiyo inaacha mlango kwa kazi ya dharura, na hapo ndipo hospitali nzima inapopitia. Katika leba kila usiku ni dharura. Dharura inayokuja kila siku saa zilezile, kwa miaka yote, bado inaitwa dharura kwa sababu ikiitwa kazi ya kawaida itabidi waajiriwe watu wa kuifanya.

Na watu hao wapo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kuna madaktari waliohitimu, wana leseni, wako mtaani wakisubiri ajira, wengine wanauza vifaa vya simu, wengine wanafundisha masomo ya ziada. Huku ndani mmoja anafanya kazi ya wawili, kule nje wa pili hana kazi. Nairobi hali ni hiyohiyo. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 2013. Viongozi wa chama chao walifungwa jela. Mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, na kiini cha ugomvi kilikuwa madaktari wanagenzi, yaani wale wa intanishipu: makubaliano yalisema zaidi ya shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Magazeti yaliandika kuhusu fedha. Aliyewahi kukaa chini ya ratiba ya X alisoma kitu kingine: wanagenzi wasipopangiwa vituo, usiku unabaki kwa wale wachache waliokwisha kuwamo.

Mabingwa wetu wana jibu lao, na si la kupuuza. Husema: ukipunguza saa unaongeza makabidhiano, na mgonjwa hupotelea kwenye makabidhiano. Ni kweli. Nimewahi kupokea wodi ya watu 40 kwa maneno matatu, "wote wako salama", na saa mbili baadaye mmoja hakuwa salama hata kidogo. Wamarekani walikwenda mbele zaidi, mwaka 2011 wakamzuia daktari wa mwaka wa kwanza asizidi saa 16 mfululizo, na mwaka 2017 wakarudi kwenye 24; majaribio makubwa yameonyesha kwamba vifo vya wagonjwa havikutofautiana. Nakubali. Zamu fupi bila mikono ya ziada ni kazi ileile iliyokunjwa iingie kwenye mfuko mdogo. Lakini majaribio yale yalilinganisha mifumo yote miwili chini ya ukomo wa saa 80, katika hospitali zenye kompyuta na bingwa anayepatikana. Hakuna aliyejaribu saa 83 zangu na kaunta moja ya manesi wawili. Tena yaliuliza zaidi kuhusu mgonjwa. Daktari mwenyewe anaishi vipi?

Mimi nilinenepa kilo tisa mwaka ule. Kinachouzwa nje ya geti saa 7 usiku ni chipsi mayai na soda, na mwili usiolala unataka sukari kama mtoto. Presha yangu niliipima kwa utani tu, tukichezea mashine na mwenzangu, ikasoma 148 kwa 96, tukasema mashine mbovu. Nilikuwa na miaka 27. Mwenzangu wa leba alijichoma sindano akishona, asubuhi baada ya kukesha, kwa mgonjwa mwenye virusi vya Ukimwi, akameza dawa za kinga siku 28 kamili, anatapika bafuni kisha anarudi raundi. Hakuambukizwa. Hakupewa hata siku moja ya kupumzika, wala hakuomba, kwa sababu X yake ingeangukia kwetu na alituonea haya.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu: watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kiharusi hupanda kwa asilimia 35. Nimewalaza wagonjwa wengi wa kiharusi, nikawauliza kuhusu chumvi, sigara na pombe. Hakuna niliyemuuliza analala saa ngapi. Ningemuuliza kwa uso gani?

"Udaktari ni wito," tuliambiwa siku ya kuapishwa, na mama yangu huyarudia maneno hayo kwa fahari akiwa na wageni. Kisha wageni wakiondoka huniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini unalala, baba?" Wito nauamini. Aliyeitwa huitika. Ila padri naye ana wito na huzima taa saa 4 usiku.

Sasa ratiba naiandika mimi, katika hospitali nyingine, ndogo. Madaktari wa intanishipu ni watano. Nimewapangia waliokesha watoke saa 4 asubuhi baada ya kukabidhi, si kwa neno "wote wako salama" bali kitanda kwa kitanda, na kila mmoja apate siku nne za mapumziko kwa mwezi. Nimefuta X. Nimeandika saa ya kuingia na saa ya kutoka, na upande wa kulia nimeongeza safu ya jumla. Bado inatoka 66 kwa wiki. Nimeipindua kila namna, nimejiweka mwenyewe usiku mmoja mmoja, haishuki zaidi ya hapo kwa watu watano. Nimemwandikia mganga mfawidhi barua kuomba wawili wa ziada, nikaambatanisha safu ile.

Matroni alikuja ofisini kuchukua nakala yake ya ratiba. Akaisoma kwa kidole, jina kwa jina, akafika mwisho wa mstari.

"Dokta, hii safu ya mwisho ni ya nini?"

"Ni saa zao, Matroni. Za wiki."

Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa, akaisoma upya. Kisha akavuta kiti, akafungua ratiba yake ya manesi kwenye daftari la jalada gumu, akatoa simu mkobani, akatafuta kikokotoo.